Majina Mawili ya Rangi Nyeupe

Mtu ninayetaka kumwelezea hapa hakupenda kufuta kitu. Tulimwita Mzee wa Herufi, naye aliliitikia jina hilo haraka kuliko lile la kwenye kitambulisho chake, kwa hiyo nitamwacha nalo. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sina. Sikuuliza, kwa sababu miaka yote tuliyokaa chumba kimoja kule Kizota nilidhani nafasi ya kuuliza ipo tu. Najua kwamba alitoka milima ya Kondoa, kwamba hakuacha swala, na kwamba nyimbo za kanisani alizijua beti kwa beti kuliko Wakristo wengi wa Dodoma, maana alikuwa amezipanga kwa vidole vyake, herufi moja moja ya madini ya risasi, tangu mimi sijaanza shule.

Namwandika nikiwa na hatia, na afadhali niseme mapema. Kila ninapomsifu najisikia kama mtu anayekula chakula cha mwenzake huku anasifia mapishi.

Kiwanda chetu cha uchapaji kilikuwa nyuma ya karakana ya mageti. Tulichapa kadi za harusi huku msumeno wa chuma ukilia nje tangu asubuhi. Bosi alikuwa amenunua mitambo ya shirika moja la umma lililofungwa, enzi zile mali za serikali zilipokuwa zinauzwa kila kona, na Mzee wa Herufi alikuja pamoja na mitambo hiyo. Mafundi walimtania kwamba naye aliuzwa kwa bei ya jumla.

"Mimi ni nyongeza," aliwajibu. "Ukinunua mashine tatu unapewa na mzee mmoja."

Mimi nilikuja na kompyuta. Nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza kozi Dar es Salaam, nikajibu tangazo, nikapanda treni kuja kwenye mji wa vumbi ambao nilikusudia kuukimbia kabla mwaka haujaisha. Siku ya kwanza Bosi alinikalisha mbele ya ile mashine ndogo ya kijivu, akamvutia Mzee wa Herufi kiti pembeni yangu na kusema, "Mfundishe." Nilidhani ananiambia mimi nimfundishe mzee. Mzee naye alidhani anaambiwa yeye anifundishe mimi. Tulikaa hivyo wiki nzima, kila mmoja akimvumilia mwenzake kwa adabu, hadi tukagundua kwamba kila mmoja anajidhani mwalimu.

Tukafundishana. Mimi nilimwonyesha jinsi ya kushika kipanya, ambacho mwanzoni alikinyanyua hewani kama simu. Yeye alinionyesha kwamba mstari una uzito upande mmoja, kwamba nafasi kati ya neno na neno si uwazi tu, na kwamba ukurasa uliopangwa ovyo humchosha msomaji bila yeye kujua kinachomchosha. Macho yake yalisoma upande wowote. Miaka ya kupanga risasi, ambayo herufi zake hukaa kinyume, ilikuwa imemfanya asome maandishi ya kinyumenyume, ya juu chini, hata ya upande wa pili wa karatasi ukiielekeza dirishani. Mteja akikaa mbele yake na barua mkononi, alikuwa ameshaimaliza kabla mteja hajafungua mdomo. Kisha aliuliza kwa upole, "Karibu, nikusaidie nini?" kana kwamba hajui lolote.

Vumbi alilichukia. Upepo wa Dodoma ulipoanza kuvuma, alifunika kompyuta kwa kanga kuukuu ya marehemu mkewe. Kanga hiyo ilikuwa na maandishi ya mafumbo kuhusu majirani wenye wivu, na wateja walipoyasoma walicheka. Yeye hakucheka. Aliikunja kila asubuhi pembe kwa pembe na kuiweka juu ya stabilaiza ya umeme. Umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika kila siku, hakulaumu mtu. Alikaa gizani mikono magotini na kusema, "Tumepewa mapumziko," halafu akaanza kusimulia.

Alisimulia sana. Alijua nani anaoa, nani amehamishwa wizara, ni mbunge gani ametuma hotuba yake ichapwe mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na ahadi nyingi mno. Lakini ukimsikiliza vizuri uligundua kwamba alikupa umbea wa mambo yaliyokwisha tu. Lililokuwa bado bichi hakuligusa. Nilimuuliza siku moja mbona hakuniambia kwamba fundi wetu wa mabamba ya kuchapia anaacha kazi, wakati barua ilipita mikononi mwake. Akaniambia, "Ilikuwa bado yake. Leo ndiyo imekuwa yetu." Nilimwona mnafiki. Baadaye nilimwelewa, ingawa bado nadhani alikuwa mnafiki kidogo.

Sasa nieleze habari ya rangi nyeupe, maana bila hiyo mtu huyu hafahamiki.

Zamani, kwenye risasi, mteja akisema "ondoa mstari huu," mpangaji wa herufi anaunyofoa mstari na kuurudisha vipande vipande kwenye kasha. Mzee wa Herufi hakufanya hivyo. Aliufunga kwa uzi na kuuweka kwenye sinia chini ya meza, kwa sababu alijua wateja. Asubuhi anaondoa, jioni anarudi kuutaka. Tulipohamia kwenye kompyuta, alinitazama nikibonyeza kitufe na sentensi nzima ikatoweka, akashtuka kweli.

"Imekwenda wapi?"

"Imefutika, Mzee."

"Najua. Nauliza imekwenda wapi."

Baada ya siku kadhaa alikuja na njia yake. Programu ile iliruhusu kila neno lipewe rangi yake. Kioo cha kompyuta yetu kilikuwa cha bei rahisi na hakikuonyesha rangi. Ukiyapa maandishi nyekundu, yanaonekana meusi. Ukiyapa zambarau, meusi vilevile. Ukiyapa nyeupe, hayaonekani kabisa, lakini yamo mle mle mahali pake. Basi mteja akisema ondoa, Mzee wa Herufi aliyapa maneno rangi nyeupe, akamwambia mteja, "Yameondoka," na mteja akaenda zake. Yakihitajika tena, aliyarudishia rangi nyeusi kwa kubonyeza mara moja, na watu wakamsifu kwa kasi yake.

Nilimcheka. Nilimwambia kwamba faili zake zimejaa mizimu. Lakini njia ile ilituokoa mara nyingi. Kulikuwa na bwana harusi wa Miyuji aliyegombana na baba yake mzazi, akaja kutaka jina la mzee liondolewe kwenye kadi. Mzee wa Herufi akalifanya jeupe. Siku mbili baadaye baba na mwana walikuja pamoja, mmoja kambeba mwenzake kwa baiskeli, wakitaka jina lirudi, na lilirudi kabla hawajamaliza kutusalimia. Wakati wa kampeni za vyama vingi, mgombea mmoja aliondoa maji kwenye ahadi zake, akarudisha maji, akaondoa barabara, akarudisha barabara na kuondoa maji. Mzee wa Herufi alikuwa anawasha na kuzima tu, huku ananong'ona, "Kijiji kimepata maji. Kijiji kimekosa maji."

Ninasema haya ili ieleweke kwamba niliijua tabia yake. Hakuna mtu kiwandani aliyeijua kuliko mimi.

Pamoja na hayo hakuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha ajabu kwenye mambo madogo. Aliweza kugoma nusu siku kwa sababu mteja ametaka aina sita za herufi kwenye kadi moja. "Hii ni kadi au ni gulio?" alikuwa akiuliza, na mteja akinuna yeye ananuna zaidi. Lakini mbele ya mtu mwenye cheo kiburi hicho kiliyeyuka. Akija mkubwa wa idara, au hata mdogo wa idara aliyevaa tai, Mzee wa Herufi alisimama, akasema "ndiyo, mheshimiwa" kwa kila kitu, na kupanga takataka yoyote aliyoletewa. Jambo hili liliniudhi. Nilimuuliza kwa nini anabishana na muuza nyanya lakini habishani na wakubwa. Alifikiri, akaniambia, "Mwanangu, muuza nyanya ananijibu. Wale wengine wananiandikia." Alikuwa amefanya kazi serikalini miaka mingi, na nadhani humo ndani kuna barua aliyowahi kuandikiwa ambayo hakuniambia.

Ijumaa moja alikuja mtu wa namna hiyo. Alikuwa na suti ya mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni, na alikuwa amefiwa na kaka yake mkubwa. Marehemu mwenyewe tulimjua. Alikuwa ofisa wa serikali, mteja wetu wa bahasha na mihuri, mtu mpole aliyependa kukaa na Mzee wa Herufi wakizungumzia zabibu. Maziko yalikuwa kesho yake mchana, na familia ilitaka kijitabu cha ibada: nyimbo, wasifu, na mpangilio wa kuweka mashada ya maua kaburini, kila kundi kwa majina yake.

Mzee wa Herufi alikuwa ameshapanga kila kitu kutoka kwenye karatasi waliyoileta asubuhi. Mdogo wa marehemu akapitia kwa kidole. Alipofika kwenye watoto wa marehemu akasimama kwenye majina mawili ya mwisho, Paulina na Yohana.

"Hawa waondoe."

"Si watoto wake, mheshimiwa?"

"Nimesema waondoe. Aliyeandika karatasi ile alikosea."

Hakuna aliyekuwa amekosea, na chumba kizima kilijua. Marehemu alikuwa na mwanamke Nzuguni na watoto wawili kwake, na alikuwa amewahi kumleta yule msichana hapo kiwandani akiwa na sare ya shule, akamwonyesha herufi za risasi. Mzee wa Herufi alikuwa amempa ile ya kwanza ya jina lake akaondoka nayo. Niliona mzee anafungua mdomo. Kisha akaufunga, akasema, "Ndiyo, mheshimiwa," akayapa majina yale rangi nyeupe. Yalikuwa mwishoni mwa orodha, kwa hiyo pengo lake halikuonekana. Akavaa kofia yake akaenda msikitini, maana muda wa swala ya Ijumaa ulikuwa umefika.

Huku nyuma nikaanza kutoa kurasa kwenye printa, na zikatoka mbaya. Maandishi yalikuwa hafifu, yamejaa vitobo vidogovidogo kama yameliwa na mchwa. Nikatikisa wino wa unga. Nikabadilisha karatasi. Nikasafisha ngoma ya printa kwa pamba, nikaizima, nikaiwasha. Vitobo vilevile. Bosi alikuwa anapita mlangoni kila baada ya muda mfupi, na fundi wa mtambo alikuwa amekaa juu ya ndoo akisubiri mabamba. Nilihangaika zaidi ya saa nzima na mashine isiyo na ugonjwa wowote, hadi nikafungua orodha ya rangi. Familia ilitaka jalada la zambarau, na zambarau ile ilikuwa imeingia hadi kurasa za ndani. Kioo kiliionyesha nyeusi, lakini printa, kwa kuwa ilijua nyeusi peke yake, ilijaribu kuiga zambarau kwa kutawanya vitone.

Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata hesabu. Nikachagua maandishi yote ya ndani, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, nikayapa rangi moja, nyeusi. Yakatoka safi. Sikuyasoma tena. Mzee alikuwa ameshayasoma, na mimi kazi yangu ilikuwa kuyatoa.

Mzee wa Herufi aliporudi kutoka msikitini mtambo ulikuwa unanguruma. Aliokota karatasi moja kwenye rundo kama alivyozoea, akaisoma amesimama. Kisha akaja hadi kwenye dirisha la chumba cha kompyuta, akaiinua ile karatasi na kuniangalia, nyusi juu. Kelele zilikuwa nyingi, tusingesikilizana. Nikadhani anashangaa jinsi nilivyoondoa vile vitobo. Nikamtikisia kichwa kwamba ndiyo. Alikaa ananitazama, halafu akaenda kukunja vijitabu na wenzake, na jioni hiyo hakusimulia lolote.

Kesho yake nilikwenda maziko, kwa sababu marehemu alikuwa mteja wetu. Baada ya jeneza kushushwa, mzee wa kanisa alifungua kijitabu na kuanza kuita watu wa kuweka mashada. Akamwita mjane. Akawaita watoto mmoja mmoja, na kila mmoja akatoka. Kisha akasoma, kwa sauti ileile tulivu, "Paulina na Yohana."

Watu waligeuka kutazamana. Mdogo wa marehemu alinyakua kijitabu cha jirani yake na kukiinamia. Na huko nyuma kabisa, kwenye ua wa minyaa, sauti ya mtoto ikaitika, "Nipo." Aliitika kama wanavyoitika darasani jina likiitwa. Alikuwa yule msichana, mwenye sare ileile, kamshika mkono mdogo wake. Mama yao alikuwa amejitanda kanga hadi machoni, na aliinyoosha mikono kuwazuia, akachelewa.

Walipita katikati ya watu na hakuna aliyewazuia. Shada la kwao halikuwepo, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu. Wakasimama ukingoni mwa kaburi mikono mitupu. Mwishowe binti mkubwa wa marehemu, yule wa nyumba ya ndoa, akasogea, akawaonyesha upande mmoja wa shada lake washike, wakaliweka pamoja.

Jumatatu mdogo wa marehemu alikuwa ofisini kwa Bosi kabla sisi hatujafika. Alipotoka, Mzee wa Herufi akaitwa. Mlango ulikuwa wazi.

"Majina uliambiwa uyaondoe."

"Niliambiwa."

"Ukayaondoa?"

"Sikuyafuta, Bosi. Kosa ni langu."

Niliingia bila kubisha hodi. Nikasema mimi ndiye niliyebadilisha rangi, majina yale yalirudi kwa mkono wangu, mzee hakuwepo. Nilisema kwa sauti kubwa. Bosi aliniangalia kama anavyomwangalia mtu anayemchelewesha.

"Nimekusikia," alisema. "Haya, ile mashine nani ataiendesha kesho? Wewe. Basi rudi ukakae pale."

Nilijua, na mzee alijua, kwamba Bosi alikuwa akitafuta sababu ya kumwondoa mzee tangu siku kompyuta ilipoingia. Watu wa umri wake walikuwa wanapunguzwa kila mahali, kwa barua zenye shukrani. Yeye hakupata hata barua. Ningeweza kutoka naye. Ningeweza kusema akiondoka yeye, na mimi naondoka, na Bosi angefikiri mara mbili, kwa sababu Dodoma nzima wa kuiendesha mashine ile tulikuwa wachache. Nililiwaza hilo pale pale, nimesimama. Kisha nikarudi nikakaa, kama nilivyoambiwa. Mzee wa Herufi aliikunja ile kanga pembe kwa pembe, akaiweka kwapani, akanipa mkono, akaondoka na wala hakuonekana kuwa na kinyongo.

Kutokuwa na kinyongo kwake kulinisumbua miaka. Nilikaa kiwandani, nikapandishwa, na Bosi alipochoka nikanunua sehemu ya biashara. Mji nilioukusudia kuukimbia nikajenga humo. Mzee alikuwa anaishi Miyuji, mahali ninapoweza kufika kwa miguu, na sikwenda. Kwenye sikukuu nilimtumia unga na mafuta kwa mkono wa fundi wa mtambo, na fundi alirudi na salamu ndefu. Nilisikia kwamba mama wa Nzuguni alikuja Kizota kumtafuta aliyepanga kile kijitabu, akaambiwa ameondolewa, akamfuata hadi kwake. Nilisikia pia kwamba kikao cha ukoo kilishindwa kuwakana wale watoto, maana majina yao yalikuwa yamesomwa kaburini, mbele ya watu, kutoka kwenye kijitabu cha familia yenyewe, na shule wakasomeshwa. Niliposikia hivyo nilifurahi, na furaha ile ikanitia aibu zaidi, kwa sababu nilianza kujisamehe kwa jambo ambalo sikulikusudia.

Mwishowe fundi wa mtambo aliniambia, "Dada, mzee hana siku nyingi. Anakuulizia." Ndipo nikaenda.

Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka barazani, amekonda, mguu mmoja umevimba. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia, akanishika mkono, akauliza habari za mashine. Nikamwambia siku hizi kioo kinaonyesha rangi zote.

"Basi hakuna kinachojificha," alisema. "Mmepata hasara."

Tulicheka. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba siku ile ningetoka naye na sikutoka, kwamba nimekula kazi yake.

Alinikatiza kwa kiganja. "Usinililie bado. Mimi ndiye mwenye deni la radhi. Yule mtoto nilimpa herufi ya jina lake kwa mkono huu, halafu kwa mkono huuhuu nikamfanya asionekane, kwa sababu mtu alikuwa na kalamu tatu mfukoni. Nilikwenda msikitini siku ile na sikuswali, nilikuwa nainama tu. Nikawa nasema, nikirudi nitayarudisha. Lakini najijua, nisingeyarudisha. Nimerudi nakuta umeyarudisha wewe."

Alijisogeza kwenye mkeka, akaendelea.

"Nilikuja dirishani kukuuliza. Nilikuuliza, unajua ulichokifanya? Ukanitikisia kichwa hivi. Hukuogopa hata kidogo. Nikasema, kama binti huyu haogopi, basi na mimi leo siogopi. Nikavikunja. Bosi aliponiita nilikuwa nimeshafurahi, wallahi. Kisha ukaja mwenyewe na kujitaja mbele yake. Watu wote niliofanya nao kazi, sijaona mwingine kama wewe."

Nilitaka kumwambia habari ya vitobo, ya zambarau, ya jinsi nilivyochagua yote bila kusoma, na kwamba kichwa nilikitikisa kwa sababu nilidhani anasifu usafi wa wino. Ilikuwa ni sentensi mbili tatu tu. Nilimtazama usoni na nikaona kwamba mtu huyu alikuwa ameishi miaka yote hii bila kazi, akijiambia kwamba aliipoteza pamoja na mtu jasiri.

"Ulijua, sivyo?" aliuliza. Sauti yake ilishuka kidogo, na sijui kama alikuwa ameanza kutia shaka au alikuwa amechoka tu. "Ulifanya ukijua."

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Nilijua."

Akafumba macho, akabinya vidole vyangu. Kisha akaita kuelekea uani, "Paulina. Njoo, amekuja. Ndiye huyu niliyekuwa nakwambia."

Sikuwa na habari kwamba yumo. Alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge, msichana mrefu ambaye nisingemtambua njiani, na nilielewa kwamba ndiye aliyekuwa anamuuguza. Alinitazama kwanza, kwa muda, kama mtu anayelinganisha na alichosimuliwa. Kisha akapiga magoti mawili chini, kwenye sakafu ya saruji, akakishika kiganja changu kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nimekungoja sana."

Mzee wa Herufi alikuwa amefumbua macho, anatutazama.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.